Kichwa chako ni saizi gani?

Muulize mtu yeyote pale Kariakoo anavaa kiatu namba ngapi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Arobaini na mbili. Thelathini na tisa, ila kikichongoka mbele basi arobaini. Atakueleza mpaka mguu upi umemzidi mwenzake. Sasa muulize kichwa chake kina sentimita ngapi. Atacheka, maana swali hilo hajawahi kuulizwa na mtu, hata siku aliyonunua helmeti.

Na ndivyo helmeti zinavyonunuliwa mjini hapa. Kwanza rangi, ifanane na pikipiki. Pili bei. Tatu kioo, kama ni cheusi au kile cha bluu kinachong'aa. Mnunuzi anaiweka kichwani, anakitikisa mara moja, anajitazama kwenye kioo cha pikipiki iliyoegeshwa mlangoni, anasema "freshi", analipa. Mtu huyohuyo angekuwa ananunua kiatu angekivaa miguu yote miwili, angetembea nacho mpaka mwisho wa duka na kurudi, angeuliza kama kuna namba ya juu yake. Yote hayo kwa kitu ambacho kikimkosea sana kitampa lengelenge.

Maelezo yangu ya jambo hili ni mafupi: helmeti tunamnunulia trafiki. Sheria inamtaka dereva wa pikipiki na abiria wake wavae kofia ngumu, na askari aliyesimama juani anaweza kuona kitu kimoja tu, kwamba kofia ipo au haipo. Hawezi kuivua kichwani mwa kila mtu akapima unene wa povu. Basi nasi tumejifunza kumtosheleza yeye. Funika kombe, trafiki apite. Kinachofunikwa hapo ni fuvu, na lami haina habari na makubaliano yetu na trafiki.

Kabla ya kufika dukani, tuelewane kwanza kuhusu kazi ya hiki kitu. Watu wengi wanaamini kinachookoa ni lile gamba gumu la nje, ndiyo maana utamwona muuzaji akiligonga kwa ngumi kukuonyesha uimara. Gamba lina kazi yake: linatawanya pigo, linateleza juu ya lami badala ya kukwama, linazuia jiwe lenye ncha. Lakini kazi kubwa inafanywa na povu gumu jeupe lililo ndani yake, polistirini, lile linaloshikilia televisheni mpya ndani ya boksi. Povu hilo limetengenezwa livunjike. Likibonyea na kusagika, ndipo linapokula nguvu ya pigo ambayo vinginevyo ingeingia kwenye ubongo.

Hesabu yake haihitaji chuo kikuu. Kipimo cha kawaida katika kanuni ya Umoja wa Mataifa ya helmeti, ile namba 22, ni kuidondosha helmeti yenye kichwa cha bandia ndani yake igonge chuma kwa mwendo wa mita 7.5 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 27 kwa saa, sawa na kuanguka kutoka kimo cha karibu mita tatu. Kichwa kinachofika chini kwa mwendo huo na kusimama ndani ya milimita mbili na nusu hivi za ngozi na mfupa kinapata mshtuko wa zaidi ya mara elfu moja ya nguvu ya mvutano wa dunia. Kikipewa milimita 25 za povu la kubonyea, mshtuko unashuka hadi kama mara 115. Kanuni hairuhusu kilele cha mshtuko kupita mara 275. Sentimita mbili na nusu za povu ndizo zinazoamua kama mtu atarudi nyumbani akilijua jina lake.

Najua utaniambia kilomita 27 kwa saa ni mwendo wa baiskeli, na kijana wa bodaboda barabara ya Morogoro anakwenda zaidi ya mara mbili ya hapo. Ni kweli. Lakini anayerushwa kwenye pikipiki mara nyingi anaendelea kuserereka mbele kwa mwendo wa pikipiki, wakati kichwa chake kinaanguka chini kutoka kimo cha kichwa cha mtu. Kinachopimwa ni huko kuanguka. Ukigonga ukuta au ubavu wa lori kwa kilomita 80, hakuna kofia duniani iliyoahidi chochote.

Elimu hii ina historia ya kupendeza kidogo na ya kuhuzunisha zaidi. Mei 1935, T. E. Lawrence, yule afisa wa Kiingereza aliyepata jina la Lawrence wa Arabuni, alikuwa juu ya pikipiki yake aina ya Brough Superior karibu na nyumbani kwake Dorset. Akawakwepa vijana wawili wa baiskeli, akarushwa, kichwa wazi. Alikufa siku sita baadaye akiwa na miaka 46. Miongoni mwa madaktari waliomhudumia alikuwamo Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo mzaliwa wa Australia. Kifo kile hakikumtoka akilini. Vita vilipoanza, akaanza kukusanya habari za askari waliokuwa wakipeleka nyaraka kwa pikipiki, na mwaka 1941 akachapisha katika jarida la British Medical Journal kwamba kofia zinaokoa maisha. Jeshi likamsikiliza mwaka uleule. Raia wa kawaida wa Uingereza wakakaa hadi 1973 ndipo sheria ikawabana. Miaka 32, nchi yenye madaktari na magazeti na bunge kongwe! Nalitaja hilo kwa ajili ya wale wanaodhani ubishi wa helmeti ni tabia ya vijana wa Mbagala.

Kofia za wakati wa Cairns hazikuwa na povu la kusagika. Wazo hilo lilikuja kutoka Chuo Kikuu cha Southern California, ambako Charles Lombard na Herman Roth walipata hataza mwaka 1953 ya kofia yenye tabaka la ndani la kunyonya pigo. Helmeti zote za maana zilizopo leo ni wajukuu wa kofia ile. Na matokeo yamehesabiwa. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2008, yaliyokusanya tafiti 61, yalikuta helmeti inapunguza uwezekano wa dereva wa pikipiki kufa ajalini kwa asilimia 42 hivi, na majeraha ya kichwa kwa asilimia 69.

Sasa twende dukani. Duka nililoingia mimi lina helmeti mpaka darini, zimening'inizwa kwa mikanda yake. Kijana aliyenipokea alinikabidhi moja nyeusi yenye mistari myekundu. "Hii orijino, dada. Elfu ishirini na tano, kwa sababu ni wewe." Nyuma yake ilikuwa na stika ya herufi tatu, DOT, imebandikwa upande. Niliibeba kwa vidole viwili. Ilikuwa nyepesi mno. Nikaingiza kidole gumba chini ya bitana pale kwenye utosi nikaifunua. Kulikuwa na sponji ya unene wa kidole, laini, ikibonyezwa inarudi. Chini ya sponji, plastiki. Basi. Povu gumu halikuwapo kabisa. Nilipomuuliza hiyo DOT imetoka wapi, akaniambia kwa upole kabisa kwamba kama stika inanikera anaweza kuibandua, bei ni ileile.

Sikukasirika. Kwa kweli alinipa somo la dakika mbili ambalo ningelihitaji aya nne kulieleza. Sponji ni ya starehe. Haikingi kitu. Povu linalokinga ukilibonyeza kwa ukucha linabaki na alama. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani huwapa raia wake kipimo ambacho kinafanya kazi hata Tandika: helmeti inayokidhi kiwango chao huwa na povu gumu la unene wa kama inchi moja, na uzito wake ni karibu kilo moja na theluthi moja hivi ukijumlisha kila kitu, ilhali zile za bandia mara nyingi hazifiki hata nusu kilo. Kwa hiyo kidole gumba na mkono wako vinaweza kuchuja nusu ya uchafu ulioko sokoni kabla hujasoma herufi hata moja.

Herufi zenyewe nazo zina mambo yake. DOT ni alama ya kiwango cha Marekani, FMVSS 218, na utaratibu wake ni kwamba mtengenezaji anajitangazia mwenyewe kuwa amekidhi. Serikali baadaye hununua sampuli madukani na kuzipima, ikimkamata inamwadhibu. Utaratibu huo una maana pale ambapo serikali hiyo inaweza kumfikia mtengenezaji. Stika ileile ikibandikwa kwenye kofia iliyotoka kiwanda kisichojulikana ikaletwa Dar es Salaam, hakuna atakayeulizwa. Tena tangu 2013 hata Wamarekani wenyewe hawaridhiki na herufi tatu kavu: lebo inatakiwa iwe na jina la mtengenezaji, modeli, namba ya kiwango na neno la kuthibitisha kuwa imekidhi.

Alama ya Umoja wa Mataifa, inayoitwa ECE, inakwenda kinyume na hapo. Helmeti inapimwa na maabara kabla haijauzwa, na nchi fulani inaweka namba yake kuidhamini. Tafuta kipande cha kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni, chenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni yake: E3 ni Italia, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Baada ya duara kuna msururu wa tarakimu. Ukianza na 05 ni toleo la zamani, ukianza na 06 ni toleo jipya lililoanza kutumika 2021, ambalo limeongeza kipimo cha pigo la mshazari, kwa sababu kichwa kinapogonga barabara kwa pembe hujizungusha, na ubongo unaumizwa sana na kule kuzunguka. E isiyo na namba, au lebo iliyobandikwa kwa gundi badala ya kushonwa, ikutilie shaka. Baada ya tarakimu hizo utakuta P ikiwa sehemu ya kidevu nayo inakinga, J ikiwa kofia haina kidevu, na NP ikiwa ina kidevu cha urembo kisichokinga. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopa. Uchunguzi wa Dietmar Otte kule Ujerumani ulionyesha kuwa karibu theluthi ya mapigo makubwa kwenye helmeti huangukia usoni na kidevuni, yaani palepale ambapo kofia zetu nyingi za nusu hazina kitu.

Alama ya shirika letu la viwango, TBS, au ya lile la wenzetu wa Kenya, KEBS, ni jambo la kuuliza pia. Ila uliza ukiwa umeshafunua bitana.

Na usidhani najenga hoja ya bei kubwa. Waingereza wana mpango wao unaoitwa SHARP, ulioanza 2007, ambao hununua helmeti madukani kimyakimya, huzipiga maabara na kuzipa nyota, moja hadi tano. Moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba nyota hazifuati bei. Zipo za bei ya wastani zenye nyota tano, na zipo za majina makubwa zilizoachwa nyuma. Baada ya kiwango cha msingi, pesa ya ziada inanunua wepesi, hewa, ukimya na rangi ya bingwa wa mashindano fulani.

Tuseme sasa umeipata halali kabisa, ina E, ina P, ina uzito wa mtu mzima. Ukiivaa saizi isiyo yako umerudi karibu na pale ulipoanza, kwa sababu povu linamkinga anayeligusa tu. Kichwa kinachocheza ndani ya kofia kinapata ajali mbili: kofia inagonga barabara, kisha kichwa kinagonga kofia. Au kofia inatangulia, inaruka peke yake, mwenyewe anafuata.

Kipimo ni cha dakika moja. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, izungushe kichwani juu kidogo ya nyusi, ipite juu ya masikio, izunguke pale kisogo kilipotokeza zaidi. Rudia, shika namba kubwa kuliko zote. Viwanda vingi huita sentimita 57 hadi 58 M, 59 hadi 60 L, 61 hadi 62 XL, lakini kila kiwanda kina jedwali lake na L ya huyu inaweza kuwa M ya yule. Soma sentimita, herufi ziache. Halafu kuna umbo. Wapo wenye kichwa cha mviringo na wapo wenye kichwa kirefu kuanzia kipaji hadi kisogo. Wawili hao wanaweza kuwa na sentimita 58 sawasawa na bado kofia moja isiwafae wote.

Helmeti mpya iliyokaa vizuri inasumbua kidogo. Lazima uivute kwa mikanda yake, masikio yakunjike kabla ya kuingia, na ikishaingia mashavu yasukumwe ndani kiasi kwamba ukitafuna unajing'ata. Ishike pande zote mbili uizungushe: ngozi ya kipaji inapaswa iende nayo. Funga mkanda ubaki na nafasi ya kidole kimoja au viwili chini ya kidevu, kisha mwombe mtu aishike ukingo wa nyuma na kuisukuma juu kuelekea mbele. Ikichomoka, hata kama ina baraka zote za Umoja wa Mataifa, haikufai. Kaa nayo kichwani robo saa hapohapo dukani. Muuzaji atanuna, mwache anune. Maumivu yakijikusanya sehemu moja ya kipaji, umbo si lako. Atakwambia italegea, na hapo hakudanganyi, bitana kweli inalegea. Ndiyo maana inayobana sawasawa leo itakuwa nzuri baada ya miezi michache, na iliyo nzuri leo itapwaya.

Ukitaka kujua hali ilivyo, tazama simu. Kila foleni utawaona madereva wamechomeka simu kati ya shavu na helmeti, wanaongea na mteja huku wanakata kona. Wenye kulalamika hulalamikia kuongea na simu barabarani, na wana haki. Mimi naona kitu kingine hapo. Helmeti yenye nafasi ya kuingiza simu shavuni imemzidi mwenyewe, pengine saizi mbili. Na wengine chini yake wamevaa kapelo au kofia ya sufu ili isichezecheze. Wamegundua tatizo wenyewe na wamelitibu kwa kitambaa.

Hoja inayowakera watu ninapoitoa ni hii inayofuata. Abiria wa kila siku wa bodaboda anunue helmeti yake mwenyewe.

Tazama ile ya abiria jinsi ilivyo. Dereva akiwa nayo, imefungwa kwenye keria kwa mpira, imeonja jua la Januari na mvua za masika, mkanda umekatika kishikizo. "Ipo, dada, ila sijui kama utaipenda," aliniambia mmoja huku akiichomoa, na mtu mkweli kama huyo ni wa kumshukuru. Dereva si mjinga. Anabeba vichwa tofauti kutwa nzima, na kofia pekee inayoingia kwenye vyote ni XL. Matokeo yake mwanafunzi mwenye kichwa cha sentimita 54, mzee mwenye kilemba na mwalimu aliyetoka kusuka jana wote wanavaa kitu kimoja kisicho cha yeyote kati yao. Kisha tunashangaa kwamba wanakikataa.

Wanaokataa kwa sababu ya usafi wana haki pia. Jasho la mtu usiyemjua limekauka kwenye sponji, hakuna bitana ya kuvuliwa ikafuliwa, na mapunye hayaulizi cheo. Kwa wanawake kuna la nywele. Mtu aliyekaa saluni tangu asubuhi hadi jioni hawezi kukubali zivurugwe kwa safari ya dakika kumi kutoka kituo cha mwendokasi hadi nyumbani, na kumhubiria kuhusu ubongo ni kupoteza muda. Yake mwenyewe inatatua mengi. Unaijua imelala wapi, bitana unaivua Jumamosi unaifua kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kawaida. Nywele unazifunga chini, shingoni, badala ya fundo la juu linaloiinua kofia isikae. Anayevaa ushungi achague kitambaa chembamba, akifunge bila pini. Pini iliyobanwa kati ya povu na ngozi ya kichwa ni jambo la kutisha hata kulifikiria.

Utaniambia ni mzigo, nitaiweka wapi ofisini. Chini ya meza, palipo na viatu vya kubadilisha. Utaniambia gharama. Wengi wanaonipa jibu hilo wanalitoa wakiwa na simu ya laki nane mkononi, ambayo siku ileile walipoinunua waliinunulia kava na kioo cha ziada. Hao sina la kujadiliana nao. Lakini yupo mama anayepanda bodaboda mara moja kwa mwezi kumpeleka mgonjwa kliniki, na yupo kibarua anayehesabu nauli kwa sarafu. Kuwaambia hao wanunue helmeti ni kejeli. Kwao jukumu linabaki kwa dereva, na dereva peke yake, mwenye hesabu ya tajiri ya kila siku, naye hawezi. Kijiwe kinaweza. Vijiwe vyetu vina mwenyekiti, vina katiba, vina mfuko wa misiba. Mfuko unaonunua sanda na kukodi basi la kwenda kuzika unaweza kununua helmeti nne halali za saizi mbili tofauti, zikakaa kijiweni kivulini, abiria akachagua inayomkaa. Kampala kampuni ya SafeBoda ilianza mwaka 2014 ikiwa na kofia ya abiria kama sehemu ya huduma, na Kigali abiria kuvaa kofia ni jambo la kawaida tu la kila siku. Si kwamba Waafrika wa Mashariki tuna vichwa vinavyokataa kofia.

Habari ya watoto nitaipitia haraka kwa sababu inanipandisha hasira. Watoto watatu wa shule ya msingi, mmoja kwenye tangi na wawili nyuma, hawahitaji helmeti ndogo. Wanahitaji basi.

Upande wa serikali, Vietnam ilishapita njia hii. Tarehe 15 Desemba 2007 sheria ya helmeti ilianza kushika kila barabara na kila mtu kwenye pikipiki, dereva na abiria, na uvaaji ukapanda ghafla kupita asilimia 90. Ulikuwa ushindi mkubwa na ulipunguza vifo. Kisha wakagundua kwamba mitaa ya Hanoi imejaa kofia nyembamba za kumridhisha askari, zinauzwa kando ya barabara, ndani hamna kitu. Wameshughulika nazo kwa miaka mingi tangu hapo. Sisi tuko kwenye ukurasa huohuo, ila hatujafika hata kwenye ile asilimia 90.

Kosa linafanyika bandarini na kwenye kaunta, adhabu tunaitoa barabarani. Kijana anayetozwa faini kwa kofia mbovu aliinunua dukani mchana kweupe, kwa risiti, kutoka kwa mfanyabiashara mwenye leseni, aliyeiagiza kwa kontena lililopita mbele ya macho ya serikali. TBS ina mamlaka ya kisheria ya kuziondoa sokoni bidhaa zisizokidhi kiwango, na tumeona ikifanya hivyo kwa vyakula na vipodozi. Ifanye kwa helmeti kama SHARP wanavyofanya: itume mtu na pesa taslimu Kariakoo, anunue aina ishirini, zikatwe katikati kwa msumeno mbele ya waandishi wa habari, na majina yatangazwe, nzuri na mbaya. Kukata helmeti katikati hakuhitaji maabara. Picha zile zingesambaa WhatsApp kabla ya saa saba mchana, na wenye maduka wangeanza kuulizwa maswali ambayo hawajawahi kuulizwa. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inasema zaidi ya mtu mmoja kati ya watano wanaokufa barabarani duniani alikuwa juu ya chombo cha moto cha magurudumu mawili au matatu. Kwa nchi inayosafiri kwa bodaboda kama yetu, msumeno mmoja si gharama.

La mwisho ni kuhusu ile ambayo tayari unayo nyumbani. Imeshapata ajali? Haifai tena, hata kama haina mkwaruzo, kwa kuwa povu likishasagika halirudi na uharibifu wake umejificha chini ya bitana. Ndiyo sababu siwashauri watu wanunue helmeti za mtumba, hata zenye lebo nzuri. Hakuna anayejua ilikotoka imeanguka mara ngapi. Usiisafishe kwa petroli wala tina, wala usiipake rangi ya kupuliza, kwani kemikali hizo hudhoofisha gamba la plastiki. Baada ya miaka kama mitano ya matumizi ya kila siku, ibadilishe. Na unapoitupa, kata mkanda kwanza kwa kisu, kisha ulivunje povu lake kwa ndani. Ukiiacha nzima jalalani, wiki ijayo itakuwa imeoshwa, imewekewa stika mpya, na iko kwenye keria ya mtu inamsubiri abiria.